Mashine Inawaka, Ndugu Wananchi

(Hotuba ya Mheshimiwa Elieza, Mratibu Mkuu wa Mpango wa Kuharakisha Uwakaji wa Kompyuta Mifugoni, kwa kifupi MKUKOMI, aliyoitoa kwenye kizuizi cha mifugo cha Olkeri, magharibi ya Mlima Meru, mwaka ule wa ukame. Imenukuliwa na katibu muhtasi wake, Pudensiana, pamoja na kila kilichotokea uwanjani, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa: "Andika na makofi.")

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ambaye hakuweza kufika ila ametuma mwakilishi. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya, ambaye naye hakuweza kufika ila ametuma salamu. Waheshimiwa Madiwani wa kata hii na kata jirani, mliochaguliwa, mlioteuliwa na mnaotarajia. Waheshimiwa Wachungaji na Mapadri, mlioketi pamoja kwa upendo kwa kuwa turubai ni moja. Waheshimiwa wazee wa mila, na fimbo zenu. Wakuu wa Idara zote, kwa ngazi zenu na kwa mishahara yenu. Wawekezaji wa ndani, wa nje, na wale walio njiani. Wafadhili wetu wapendwa, popote mlipo duniani. Bwana Mifugo wa kata. Ndugu Mikaeli, mlinzi wa kizuizi hiki, ambaye ameshika kamba kwa mkono wake tangu ndoano ilipokatika, maana akiiachia tu lile jiwe la nyuma linashuka na mti wa kizuizi unapanda wenyewe, na ambaye namhakikishia mbele yenu kwamba ombi la ndoano mpya lipo mezani kwangu na linashughulikiwa. Ndugu wananchi, wake kwa waume, na mifugo yenu: itifaki imezingatiwa.

(Makofi.)

Lakini kwa kuwa nimeona kuna Wakuu wa Idara wawili walioingia wakati naizingatia, na si vizuri mtu mzima aingie mahali asitajwe, naomba niizingatie upya. (Anaizingatia upya, yote. Makofi ya adabu.)

Sasa basi. Kabla sijasema neno hata moja, naomba nikibonyeze kitufe cha mashine, ili wakati mimi nazungumza yenyewe iwe inawaka, na nikifika mwisho nayo iwe imefika, tukutane hapo, tutoe kibali cha kwanza cha kisasa katika historia ya ukanda huu. (Anabonyeza. Taa ndogo inawaka. Vigelegele kutoka kwa akinamama waliokuja na gari la Mheshimiwa.)

Asanteni. Ndugu wananchi, kile mnachokiona pale mezani juu ya kitambaa cha kijani si redio, wala si kasha la sabuni kama nilivyosikia mzee mmoja akisema. Ni kompyuta mpakato. Ni ndogo, lakini mimi pia nilizaliwa mdogo. (Kicheko cha Wakuu wa Idara.) Inaendeshwa na mfumo uitwao Linux, ambao ni mfumo wa soko huria hasa, maana hauna mwenyewe, kila anayeutaka anauchukua, na nembo yake ni ndege aitwaye pengwini, mnene, mwenye koti jeusi na shati jeupe kama msimamizi wa harusi. Kuna wapinga maendeleo waliouliza kwa nini tumechukua mfumo wenye ndege asiyeruka. Nawajibu leo, hadharani, kwamba kuruka hakumo katika malengo ya mradi.

(Makofi. Sauti ya mwanamke mzee kutoka upande wa kizuizi: "Kibali!")

Nimeisikia sauti hiyo, na namtambua mwenye sauti. Ni Mama Nkasiogi. Shikamoo, yeyo, mama yangu.

(Mama Nkasiogi: "Marahaba, mwanangu. Na kibali?")

Ndugu wananchi, mpigieni makofi! Mama huyu amefika hapa alfajiri na ng'ombe wake, akawa wa kwanza kwenye foleni, na kwa sababu hiyo MKUKOMI imemteua kuwa mnufaika wake wa kwanza, au kwa lugha ya kitaalamu, stakeholder. Mama, waeleze wenzako unachokitegemea kutoka kwenye mradi, kwa kifupi, maana mimi ndiye ninayehutubia.

(Mama Nkasiogi: "Mimi nataka kupita tu. Kwetu huko chini majani yameisha, ng'ombe wamebaki hawa mnaoona. Huku juu kuna mfereji, na zamu yangu ya maji ni leo. Jua likivuka ule mti wa mgrevilea, zamu inachukuliwa na mwingine, mpaka wiki nyingine. Huyu mwekundu hafiki wiki nyingine. Ndiyo hayo.")

Mmesikia ushuhuda! Maji, majani, na TEHAMA. Hayo ndiyo maendeleo jumuishi, na sikumfundisha.

Ndugu wananchi, ili mthamini tulikofika, hamna budi kukumbuka tulikotoka. Zamani, kabla ya soko huria, serikali ilikuwa ikifanya kila kitu, ikachoka. Sasa imeamua kuratibu, na mwenye kuratibu ndiye mimi. Nilipoletwa kuratibu eneo hili nilikuta hali ya kusikitisha sana. Mfugaji alikuwa akifika kwenye kizuizi hiki, Bwana Mifugo anamtazama ng'ombe masikio na kwato, anauliza anatoka wapi na anakwenda wapi, anachukua kitabu cha vibali, anakiweka gotini, anaandika, anapiga muhuri, na ng'ombe anapita. Anapita! Hapo hapo! Hakuna database, hakuna monitoring, hakuna evaluation, ng'ombe ameshafika kwenye majani na taifa halina habari zake. (Minong'ono. Mzee mmoja: "Hiyo ilikuwa nzuri.") Ilikuwa hatari, mzee wangu. Wewe uliona ng'ombe anapita. Mimi niliona data inapotea.

Nikachukua hatua. Nilikusanya vitabu vyote vya vibali, nikavifungia stoo mjini, na ufunguo uko salama kiasi kwamba hata mimi sijui uko kwa nani. Na nikatoa agizo, ambalo nalirudia leo ili Mikaeli alisikie vizuri: kizuizi hiki hakitapanda wala hakitashuka kwa maneno ya mdomo wa mtu yeyote, awe mdogo au mkubwa. Kitapanda na kitashuka kwa kibali cha kompyuta.

(Mikaeli: "Nimesikia, mzee." Anahamishia kamba mkono wa pili. Kwenye kioo cha mashine ametokea pengwini.)

Pengwini huyo! Mwoneni! Makofi kwa pengwini! (Makofi.) Hiyo ni hatua kubwa sana, ndugu wananchi. Zipo siku haji kabisa.

Sasa nisiwafiche, maana uongozi wangu ni wa uwazi. Mwanzoni tulikuwa na changamoto. Mashine ilikuwa inachelewa kuwaka. Mtu anaiwasha, anakwenda kunywa chai, anarudi, haijawaka, anakwenda kuzika, anarudi, inafikiria. Wengine wangekata tamaa. Mimi niliunda tume.

Tume ilianza na hali ya hewa. Wajumbe walibaini kwamba mashine hii iliundwa nchi za mbali, na hapa kwetu asubuhi mlima unatuma baridi, hivyo inawezekana inaona uvivu wa kuamka kama mtu yeyote. Ikashauriwa ifunikwe. Tukaifunika shuka zito la Kimaasai, likatosha kila upande, na ndani ya muda mfupi ikapata joto, ikazidi, ikazimika kabisa, na taarifa ya tume ikasema kwa uhakika kwamba baridi si tatizo. Huo ni utafiti. Awamu ya pili ikahamia kwenye mwelekeo: tuliielekeza Meru, tukaielekeza Monduli, tukaielekeza mjini, hakuna tofauti. Awamu ya tatu ilibaini kwamba mashine ikiwashwa mwanzoni mwa sala ya kufungua kikao, na anayesali akiwa ni yule mchungaji wetu anayekumbuka wagonjwa wote kwa majina, basi watu wakifumbua macho wanaikuta imewaka na wote wanasema imekuwa na kasi. Tukaiandika hiyo kama best practice. (Mchungaji anacheka. Padri anamtazama.)

Baadaye, baada ya semina elekezi, ziara ya mafunzo, na semina ya kupokea taarifa ya ziara ya mafunzo, nikaona tumwite mtaalamu. Nikamwita Abdiel wa Kijenge, ambaye yuko pale nyuma na miwani yake ya jua, na ambaye wote mnajua duka lake kwa sababu bango lake ni kubwa kuliko duka. (Abdiel anasimama, anainama, anakaa.) Huyu bwana alikuja akiwa amechelewa, akaomba soda, akaikalia mashine yangu kama anayekalia kiti cha kinyozi, akaandika maneno mawili matatu, na kioo kikaleta orodha ya kila kinachoamka mashine ikiwashwa na kila kimoja kinakula muda gani. Akaisoma, akapiga mluzi. Akaniambia, nanukuu, "Mzee, hii mashine ni nzima kuliko mimi na wewe. Ila umeijaza wageni. Ukiiwasha, badala ya kufanya kazi, inapokea wageni."

Nikamwuliza wageni gani. Akanisomea. Na hapo, ndugu wananchi, ndipo nilipoelewa, na kifua kikanijaa fahari, kwa sababu wale hawakuwa wageni. Walikuwa ni Idara!

Mnakumbuka kwamba mashine ilipofika, nilikaa na Wakuu wa Idara wote kikao cha pamoja, na kila Idara ikaeleza kwamba haiwezi kuachwa nyuma. Idara ya Utumishi ikataka mashine ikiwashwa ianze na picha ya Mratibu Mkuu na wasifu wake. Idara ya Mipango ikaweka dira, Idara ya Maendeleo ya Jamii ikaweka dhima, maana dira bila dhima wangegombana. Idara ya Ugavi ikaagiza mashine ianze kwa kuitafuta printa, ambayo kwa sababu za usalama inatunzwa nyumbani kwangu Njiro. Idara ya Habari ikaagiza ianze kwa kuutafuta mtandao wa intaneti, ambao bado haujafika Olkeri. Basi inauita, inasubiri, inauita tena kwa adabu, inasubiri, hadi inakata tamaa, kisha inaandika kwamba imekata tamaa na saa ilipokata tamaa. Na Idara ya Utamaduni, kwa kuwa ni Idara ya mwisho katika muundo, ikapewa heshima ya kufunga: mashine ikishawaka kabisa, inapiga wimbo wa Taifa, beti zote mbili, kwa sauti ya juu.

(Makofi kutoka Idara ya Utamaduni.)

Na ili pasiwe na ugomvi, mimi mwenyewe nilielekeza kwamba hakuna Idara itakayoamka kabla Idara iliyo juu yake haijaamka, ikajiweka sawa na kuketi. Moja moja, kwa ngazi. Abdiel aliposikia hivyo akavua miwani. Akasema, "Mzee, zitoe zote hizi, ipe kazi moja tu, vibali, na itawaka kabla hujavuta kiti." Nikamwambia, kijana, nionyeshe Idara moja unayotaka niitoe, na unisaidie kwenda kumwambia mkuu wake. Akakasirika, mnamjua hasira zake, akasema, "Kwa hiyo mtu akija kwako ana mgonjwa mgongoni, utaanza kumsalimia ukoo wake wote, wa kwa baba na wa kwa mama, ndipo uulize mgonjwa ana nini?"

Nikamjibu, ndiyo. Ndivyo tulivyolelewa.

(Makofi ya wazee wachache. Kutoka kwenye kizuizi, kelele. Ng'ombe mwekundu wa Mama Nkasiogi amelala chini. Vijana wawili wanamshika, mmoja pembe, mmoja mkia, wanamwinua. Anasimama akitetemeka. Hawamwachii.)

Naona kuna ng'ombe amejipumzisha. Nampongeza. Hiyo ndiyo subira ninayoizungumzia, na ningependa wananchi tujifunze kwake.

(Mama Nkasiogi: "Elieza! Huyu akilala tena hainuki!")

Mama, mashine inawaka. Tizama, imefika kwenye dira. (Bwana Mifugo amesimama, kalamu mkononi: "Mheshimiwa, naomba nimwandikie tu kwa karatasi, nimeshawaangalia wote, ni wazima.") Bwana Mifugo, keti. Keti, ndugu yangu. Kalamu hiyo ndiyo iliyotuchelewesha miaka yote. (Bwana Mifugo anaketi. Kalamu bado iko mkononi.)

Turudi kwenye takwimu, kwa sababu kiongozi bila takwimu ni mpiga soga. Katika kipindi cha uratibu wangu, muda wa mashine kuwaka umekua kwa asilimia mia tatu. (Makofi.) Narudia, umekua! Mniambie ni sekta gani nyingine mkoani hapa iliyokua kwa asilimia mia tatu mwaka wa ukame. Kilimo? Mifugo? Hata mimi mwenyewe sijakua hivyo, ingawa suti zinasema vingine. Asilimia tisini na nane ya wananchi waliohojiwa walisema wanafahamu kwamba mashine inawaka, na asilimia mbili waliobaki walikuwa wamelala. Tumeanzisha Kamati ya Kusubiri, yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Tumeweka jiwe la msingi la Banda la Kisasa la Kusubiria, lile jiwe pale, ambalo naona kuna mbuzi amepanda, mtoeni. Fulana zimechapwa. Na katika awamu inayofuata, ambayo ndiyo roll-out yenyewe, tutanunua mashine ya pili, kazi yake ikiwa ni kuwatangazia wananchi kwamba mashine ya kwanza iko karibu kuwaka.

(Makofi hafifu. Mashine inatafuta printa. Watu wengi wamegeuza viti kutazama upande wa kizuizi. Kivuli cha mgrevilea kimeshasogea hadi kwenye miguu ya Mama Nkasiogi.)

Wahenga walisema... (anapekua karatasi, anapekua tena) ...walisema mengi sana, na mimi nayaunga mkono.

Ndugu wananchi, mwenye roho nyepesi anaweza kusema, kwani tusimwache huyu mama apite, tukaendelea na hotuba? Nimelifikiria hilo, mimi si jiwe. Mama yangu mzazi alifuga. Ukame ule mwingine, nilipokuwa darasa la pili, nilimwona ameketi karibu na ndama na maji kwenye kibuyu, anamnywesha kwa kiganja, mpaka giza likaingia, na asubuhi ndama hayupo na mama hajala. Najua ni nini. (Anakunywa maji.) Lakini nikimpitisha mmoja kwa huruma, kesho watakuja na huruma zao wote, na huruma haina kifungu kwenye mpango. Kwa hiyo tuvumiliane. Imeshaanza kuutafuta mtandao.

(Inautafuta. Mama Nkasiogi ameweka kiganja kwenye paji la ng'ombe mwekundu na anamwambia maneno kwa Kimaa ambayo sikuyasikia vizuri. Jua linagusa tawi la kwanza la mgrevilea. Mashine inautafuta tena.)

Imekata tamaa! Makofi! Hiyo ni ishara njema, ina maana tumebakiza Utamaduni tu. Way forward yetu, ndugu wananchi, ni...

(Mashine inapiga wimbo wa Taifa.

Watu wote wanasimama. Viti vinaanguka. Mheshimiwa anaacha karatasi zake na kusimama wima, mikono ubavuni. Wakuu wa Idara wanasimama wima. Mchungaji na Padri wanasimama wima. Mimi niliacha kuandika nikasimama. Haya nimeyaandika baadaye. Mikaeli, ambaye aliwahi kuwa mgambo, amesimama wima kuliko wote, kifua mbele, mikono miwili ubavuni, vidole vimekunjwa, na kamba haiko tena mkononi.

Jiwe la nyuma limeshuka. Mti wa kizuizi umepanda.

Vijana waliokuwa wamemshikilia ng'ombe mwekundu nao wamesimama wima, wamemwachia pembe, wamemwachia mkia. Anayumba. Nadhani hapakuwa na mtu uwanjani aliyekuwa akimwangalia Mheshimiwa. Ng'ombe wa mbele wameona njia wazi na wamenusa maji, nao hawakufundishwa wimbo. Wanapita mmoja mmoja, bila haraka, mbele ya meza kuu. Mheshimiwa anaimba kwa sauti, macho yake yanawafuata, shingo haigeuki. Bwana Mifugo anaimba. Mama Nkasiogi anaimba, mikono ubavuni, machozi yanamtoka na hayafuti. Ubeti wa pili. Ng'ombe mwekundu anainua mguu, anauweka chini, anauinua mwingine. Hakuanguka. Alipita wa mwisho, chini ya mti wa kizuizi, na mkia wake ulikuwa umeshapotea nyuma ya ua wa michongoma wimbo ulipomalizika.

Mama Nkasiogi ameokota fimbo yake. "Asante, Elieza," amesema, na amekwenda.)

Ahm. Ndugu wananchi. Kaeni. Kaeni, tafadhali. Mmeona wenyewe, na sina la kuongeza. Mashine imewaka, na ng'ombe wamepita. Nani alisema teknolojia haiwafikii wafugaji? Katibu, andika: walengwa wa kwanza wamehudumiwa kwa asilimia mia moja, bila hata kugusa karatasi. (Kicheko kikubwa. Makofi ya kweli, ya kwanza siku hii.) Kilichobaki ni utaratibu mdogo tu wa kuwatolea kibali ng'ombe ambao wameshapita, ili data isipotee. Sasa mashine, ikiwa imewaka kikamilifu, naiamuru itoe kibali namba moja!

(Anabonyeza. Anabonyeza tena. Anamwita Abdiel. Abdiel anakuja polepole, anainamia kioo, anasema karibu na kipaza sauti: "Mzee, humu mna salamu tu. Programu ya vibali hakuna mtu aliyewahi kusema tuiweke.")

Kama mnavyosikia kutoka kwa mtaalamu wetu, kwa upande wa salamu mashine imekamilika. Naomba basi, kwa kuwa muda umetutupa mkono, nihitimishe kwa shukrani, na shukrani ni wajibu.

Nawashukuru wafadhili wa MKUKOMI, ambao majina yao nitawatajia mara tutakapowapata. Naishukuru bajeti ya mpango, ambayo itakapoombwa nina imani itapitishwa. Naishukuru ofisi ya mpango, ambayo mtu akiniuliza iko wapi namwambia mimi mwenyewe niko wapi. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru binti yangu Brightness, mwanafunzi wa chuo, aliyetuazima kompyuta yake hii, ambayo ndiyo ile ya awamu ya kwanza mliyoiona kwenye picha, na ndiyo ile niliyoizindua Sombetini, na ndiyo zile nyingine zote nilizozindua kata kwa kata, maana ilikuwa ikisafiri nami kwenye gari, na ambaye amenitumia ujumbe sasa hivi akiomba nimrudishie, ana mtihani, na akiuliza kwa nini siku hizi inachelewa kuwaka.

(Sauti: "Kwa hiyo mradi uko wapi?")

Mradi, ndugu yangu, unawaka! Tuinuke sote kwa kauli mbiu. MKUKOMI! Nikisema MKUKOMI, ninyi mnasema "Inawaka!" MKUKOMI! (Idara ya Utamaduni: "Inawaka!" Wengine wanakusanya viti. Wafugaji waliokuwa nyuma ya Mama Nkasiogi kwenye foleni wanawapitisha ng'ombe wao kwenye kizuizi kilicho wazi, wakimwamkia Mikaeli wanapompita, naye anawaitikia.) Digitali kwanza! Mfugaji baadaye! Samahani. Mfugaji kwanza! Asanteni kwa kunisikiliza, Mungu awabariki, na wewe Mikaeli, unafanya nini? Hawa wote wanapita! Shika kamba! Shusha kizuizi!

(Mikaeli, mikono ubavuni bado: "Kwa maneno ya mdomo, mzee?"

Mheshimiwa anaigeukia mashine.

Mikaeli: "Basi nasubiri mashine."

Abdiel ameizima ili aiwashe upya.)